Siku Kumi za Mwisho Ndizo Zinazowamaliza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mbio za Skeiti

Msimu wa ubingwa unakaribia na barua zimemiminika kutoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret. Makocha na mafundi wa jopo letu wamechagua zile ambazo majibu yake yatafaa timu nzima. Walioulizia bei watuwie radhi, kwani bei hubadilika kabla gazeti halijatoka mtamboni.

*Nina wanaskeiti tisa wa umri wa miaka 14 hadi 22. Zimebaki wiki nne kabla ya ubingwa. Nataka tuingie kambini na kufanya mazoezi mara mbili kwa siku, siku saba kwa wiki, mpaka siku ya kusafiri. Je, yatatosha?*
Kocha, Lanet, Nakuru

Yatatosha kuwachosha, kocha. Mwili haujengeki wakati wa zoezi. Hujengeka wakati wa mapumziko yanayofuata. Faida ya zoezi kali la leo huchukua kama siku 10 hadi wiki 2 kuonekana, ilhali uchovu wake huonekana kesho asubuhi. Kwa hiyo chochote kizito unachoongeza wiki ya mwisho ni uchovu mtupu, na vijana watapanda nao basi kwenda mashindanoni. Timu nyingi za kwetu hazikosi bidii. Hushindwa kwa sababu kocha aliingiwa na hofu siku kumi kabla ya mashindano.

Wiki mbili za kwanza ndizo za kubeba mzigo. Weka siku tatu kali tu kwa wiki, tena zisifuatane. Jumanne iwe ya spidi: dakika 20 za kupasha mwili, kisha mita 100 mara 6 kutoka kusimama, mapumziko dakika 3 kila mara, halafu mita 300 mara 4 kwa nguvu zote, mapumziko dakika 6 hadi 8. Vijana watalalamika kwamba wanakaa sana. Waache walalamike. Nishati ya mbio fupi hujirudisha kwenye misuli kwa dakika kadhaa, na ukikata mapumziko hayo, mita 300 ya nne itakuwa zoezi la kujifunza kwenda polepole.

Alhamisi iwe ya pumzi: dakika 5 mara 5 kwenye msururu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa kasi ambayo mtu anaweza kutamka maneno matatu au manne tu kabla ya kuhema, mapumziko dakika 3. Jumamosi wafanye mashindano kamili: namba mgongoni, mwamuzi, filimbi, mita 500 moja na mbio moja ya mtoano, ile ambayo wa mwisho kuvuka mstari huondolewa. Jumatatu na Jumatano wateleze polepole kwa saa moja, kazi ikiwa ni mkao na kona. Ijumaa wasiguse skeiti. Jumapili wanaokwenda ibada waende bila kutazama saa.

Kipindi cha pili cha siku kiwe bila skeiti, mara mbili au tatu kwa wiki, na kisizidi dakika 40. Kukaa katika mkao wa chini, magoti yakikunjwa karibu na pembe mraba, sekunde 60 mara 4. Kuruka pembeni kutoka mguu hadi mguu, mara 16, seti 3. Halafu mkanda wa kona: chukua mkanda mpana wa mita 3.5 hadi 4 (mkanda wa usalama wa gari lililokwisha, kutoka kwa fundi wa jua kali, unafaa kabisa), uzungushe kiunoni, mwenzake aushike kutoka upande, naye aegemee nje ya mkanda na kuvusha miguu sekunde 30 mara 3. Walio chini ya miaka 16 wabaki na kipindi kimoja kwa siku, hata kama wenyewe wanataka zaidi.

Wiki ya tatu shikilia Jumanne na Jumamosi, ila Alhamisi ipunguze iwe dakika 5 mara 3. Wiki ya nne punguza umbali, usipunguze kasi. Kama wiki ya pili waliteleza kilomita 120, ya nne iwe 50 hadi 60. Zoezi la mwisho lenye makali liwe siku 4 au 5 kabla ya mbio: mita 100 mara 3 na mita 300 mara 2, basi. Siku ya mwisho kabla ya mbio ni dakika 30 tu, na ndani yake michomoko 3 ya mita 80. Miguu itawasha kutaka kazi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Utajuaje kama umezidisha? Kila kijana apime mapigo ya moyo kwa dakika nzima asubuhi, kabla hajashuka kitandani, na kuyaandika. Yakizidi kawaida yake kwa 7 hadi 10 asubuhi mbili mfululizo, siku hiyo ni ya kupumzika. Kipimo cha pili ni saa: kama mita 300 ya kwanza ilikuwa sekunde 28 na ya tatu imefika 29, zoezi limekwisha. Ya nne haitamwongezea kitu.

Mwisho, kuhusu mahali. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret ipitayo Nakuru si uwanja wa mazoezi, hata alfajiri. Ni njia ya malori ya mizigo kuelekea mpakani, na skeiti za mbio hazina breki ya kisigino. Tafuteni barabara ya mtaani yenye lami laini saa kumi na mbili asubuhi, gari la timu likifuata nyuma na taa za tahadhari zimewashwa. Na msiende kuomba njia ya mpira ya wanariadha uwanjani. Mpira ule huyameza magurudumu, na magurudumu huuchana.

*Kwenye mstari ulionyooka hakuna anayenipita. Tukifika kwenye kona natupwa nje kama mita mbili, na wote wananipita kwa ndani. Shida ni nguvu za miguu?*
Mwanaskeiti, Milimani, Kisumu

Si nguvu. Anayetupwa nje kwenye kona karibu kila mara ameingia akiwa amesimama, au ameanza kuinamia kona akiwa tayari yumo ndani yake.

Tazama hesabu yake. Kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 10, kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa mwili unatakiwa ulale ndani kama digrii 26. Kwa kilomita 30 ni digrii 35. Kwa 36 ni 45, yaani nusu ya njia ya kufika chini. Kasi imeongezeka kidogo, mlalo umeongezeka mno, kwa kuwa nguvu ya kukutupa nje hukua kwa mraba wa kasi. Aliyezoea kona za 25 akaingia kwa 30 bila kuongeza mlalo hana budi kutoka nje. Hata awe na mapaja ya nyati.

Sasa mlalo wenyewe. Unaanzia kwenye vifundo vya miguu na nyonga. Bega la kushoto lisidondoke ndani. Ukidondosha bega, kifua kinalala lakini magurudumu yanabaki yamesimama, na skeiti huteleza kwenda nje. Mabega yabaki sambamba na lami kadiri iwezekanavyo, kidevu kikielekea pale kona inapoishia. Macho yakishuka kwenye koni iliyo mbele ya mguu, mwili mzima unainuka.

Mbio zetu huzunguka kinyume cha saa, hivyo kona zote ni za kushoto. Mguu wa kulia unasukuma nje kwa ukingo wa ndani wa gurudumu, na wengi wanaujua msukumo huo. Mguu wa kushoto ndio unaosahaulika. Kazi yake ni kusukuma kuelekea kulia, chini ya mwili, kwa ukingo wa nje, wakati mguu wa kulia unavuka mbele yake. Wengi wanauinua wa kushoto tu na kuuweka tena. Hapo nusu ya misukumo ya kona imepotea, na unashangaa kwa nini wenzako wanaongeza kasi mahali wewe unapumzika.

Zoezi: chora kwa chaki duara la nusu kipenyo cha mita 7 kwenye eneo la maegesho lisilo na magari. Lifagie. Tunarudia, lifagie, maana vumbi na kokoto laini Kisumu huletwa na kila mvua, na gurudumu la mpira mgumu juu ya vumbi halishiki chochote. Zunguka mara 6 mguu wa kulia ukiwa chini wakati wote, ukisukuma kwa wa kushoto tu kupita chini ya mwili. Pumzika dakika 2, rudia mara 4. Halafu mizunguko 6 ya kuvusha miguu kawaida, polepole, ukihesabu sauti mbili zilizo sawa kwa urefu: kulia, kushoto. Sauti ya kushoto ikiwa fupi, bado unauinua. Malizia mizunguko michache kuelekea kulia ili nyonga zisikomae upande mmoja.

Kuingia kona: msukumo wa mwisho wa mguu wa kulia uishe hatua moja kabla ya koni ya kwanza, na mwili uwe umeshaanza kulala kwenye msukumo huo. Anza kidogo kwa nje, kata karibu na koni ya katikati, utoke ukipanuka. Anayekata ndani mapema hujikuta katikati ya kona hana pa kwenda ila nje.

*Rafiki yangu ananionyesha video za msukumo maradufu na kusema bila huo sitaingia fainali. Nimebakiza wiki mbili. Naweza kuujifunza?*
Msomaji, Eldoret

Hapana. Msukumo maradufu ulienezwa miaka ya 1990 na Mmarekani Chad Hedrick, ambaye baadaye alihamia barafuni na kushinda dhahabu ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Torino mwaka 2006. Ndani yake, mguu unaotua hauanzi kwa kuteleza ukingoja. Huvutwa kwanza kuelekea ndani kwa ukingo wa nje, halafu ndipo husukuma nje. Mguu mmoja, misukumo miwili. Ni kitu kizuri sana, na huchukua miezi kukaa mwilini.

Kwa wiki mbili utapata umbo lake bila nguvu yake: mguu utayumba ndani na nje kama nyoka, mapaja yatachoka mapema, na chini ya presha ya mbio utasahau hata msukumo wa kawaida uliokuwa nao. Acha mpaka ubingwa upite. Sasa hivi hakikisha tu kwamba katika kila hatua pua, goti na ncha ya kidole gumba vinakaa kwenye mstari mmoja juu ya mguu uliobeba mwili. Asiyeweza hilo kwa sekunde 5 kwenye mguu mmoja, msukumo maradufu hautamsaidia.

*Skeiti zangu ni za mitumba, magurudumu manne ya milimita 110. La pili mguu wa kulia linakwama nikikaza bolti, nikiilegeza linazunguka vizuri lakini linayumba. Pia beringi zinalia. Ninunue mpya zote?*
Msomaji, Kakamega

Usinunue kitu kwanza. Gurudumu linalokwama ukikaza na kuzunguka ukilegeza limekosa kijipande cha katikati, kile kibomba kifupi kinachokaa kati ya beringi mbili ndani ya gurudumu. Kisipokuwepo, au kikiwa cha urefu usiolingana na vingine, bolti inazibana beringi kutoka pembeni badala ya kuzishikilia. Chomoa gurudumu zima karibu nalo, ulinganishe. Mara nyingi kimeanguka wakati wa kusafisha na mwenyewe hakukiona. Kuteleza ukiwa umelegeza bolti ni hatari. Ekseli ikitoka kwenye kona gurudumu linakwenda zake.

Beringi zinazotumika ni za namba 608, tundu la milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Kila gurudumu lina mbili, kwa hiyo jozi yako ina 16. Sauti ya kusagika ni mchanga. Sauti nyembamba ya kulia ni ukavu. Zote mbili zinatibika. Toa kifuniko cha beringi taratibu kwa sindano, zitie kwenye chupa yenye spiriti au mafuta ya taa kwa dakika 15, tikisa, mwaga, rudia mpaka kimiminika kitoke safi. Zikaushe juu ya kitambaa zikauke kabisa, kisha matone mawili ya mafuta ya cherehani kila moja. Si mafuta ya kupikia, ambayo hugeuka gundi. Grisi nzito ya baiskeli nayo hupunguza mzunguko, ijapokuwa wakati wa mvua huwafaa wanaofanya mazoezi tu. Ukinyeshewa, kazi hii ifanywe jioni ileile, kwa sababu chuma cha beringi hushika kutu usiku mmoja. Ile ambayo bado inakwaruza baada ya kuoshwa mara mbili, itupe.

Magurudumu huliwa upande wa ndani kwa kuwa ndio ukingo wa kusukumia. Kila baada ya saa 8 hadi 10 za mazoezi, yabadilishe nafasi: la kwanza liende pa tatu, la pili pa nne, na kinyume chake, tena yavuke kwenda skeiti ya mguu mwingine ili upande uliolika uangalie nje. La 110 likishalika hadi 105, liwe la mazoezi ya siku za mvua. Ugumu wa kawaida ni kati ya 84A na 88A, na namba kubwa ndiyo gumu zaidi. Mwepesi na lami kavu ya baridi, chukua laini. Mzito au lami yenye joto, chukua gumu. Magurudumu mapya yasiguswe mara ya kwanza siku ya mbio. Yapewe saa moja au mbili za lami, ule utelezi wa kiwandani uondoke.

Kama unafikiria kubadili fremu, pima kwanza umbali kati ya bolti mbili za chini ya kiatu, kati kwa kati. Viatu vingi vya sasa ni milimita 195, vya zamani kuna 165, na fremu ya kimoja haiingii kwenye kingine. Mitumba ndipo watu wanapoumizwa na jambo hili.

*Tunatoka Nakuru kwenda kushindana Kisumu. Wengine wanasema tuwahi siku kumi, wengine twende usiku uleule. Upi ukweli?*
Nahodha wa timu, Nakuru

Mnatoka juu mnashuka chini, na hiyo ni afadhali kuliko kinyume chake. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130. Oksijeni mtaipata zaidi, na kwenye mbio ndefu mtaihisi. Lakini hewa ya Kisumu ni nzito kuliko ya Nakuru kwa takriban asilimia 7, na mwanaskeiti anayekwenda kilomita 35 kwa saa anapigana na hewa kuliko anavyopigana na lami. Ukiongoza peke yako mbele ya kundi, Kisumu itakutoza zaidi ya ulivyozoea. Aliyezoea kutoroka mapema nyumbani afikirie mara mbili. Kule kujificha nyuma ya mtu kuna faida kubwa zaidi.

Joto ndilo tatizo lenyewe. Mchana Kisumu hufika nyuzi 30 mara kwa mara, na unyevu wa ziwa hufanya jasho lisikauke. Mkiweza, fikeni siku 4 au 5 kabla, mpashe mwili mchana mara mbili au tatu kwa dakika 30 ili mwili uanze kuzoea. Msipoweza, fikeni siku moja kabla. Kufika alfajiri ya siku ya mbio baada ya usiku mzima ndani ya matatu ni kuwanyima vijana usingizi na kuwakaza migongo, bila faida yoyote.

Na laleni ndani ya chandarua. Kanda ya ziwa ina malaria kuliko Nakuru, na kijana wa nyanda za juu hana kinga ya aliyekulia pale. Dalili huanza kuonekana kuanzia kama wiki moja baada ya kuumwa, kwa hiyo atakayepata homa mkisharudi nyumbani apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, na mwambie daktari mlikotoka.

*Binti yangu ana miaka 15 na kilo 50. Siku za mazoezi makali anarudi hana hamu ya kula, anakunywa chai tu na kulala. Siku ya mashindano nimpe nini? Pia mgongo unamuuma.*
Mama, Kondele, Kisumu

Mama, chai tu baada ya zoezi kali itamfanya akose nguvu kwenye zoezi linalofuata. Siku za mazoezi makali mwili wa kilo 50 unahitaji wanga kama gramu 300. Unga wa mahindi gramu 100 una takriban 75, hivyo ugali wa unga gramu 200 ni nusu ya kazi. Nusu nyingine igawanye kwenye uji, viazi vitamu, mkate na matunda. Protini gramu 70 hadi 80 kwa siku zinatosha, na huna haja ya unga wa makopo. Zaidi ya nusu ya uzito wa omena mkavu ni protini. Yai lina gramu 6. Ndengu na maziwa ya mala humalizia.

Kuhusu hamu: asilazimishwe sahani. Ndani ya nusu saa baada ya mazoezi apewe kinachonyweka, kikombe kikubwa cha uji wa maziwa wenye sukari, au mala na ndizi mbili. Njaa yenyewe itarudi baada ya saa moja.

Wakati wa mazoezi yanayozidi saa moja kwenye joto, mchanganyiko wa nyumbani unatosha: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vya mezani 4 vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, na limau. Nusu lita kwa saa, kwa midomo midogo.

Siku ya mbio mlo mkubwa uwe saa 3 kabla: wali au ugali kidogo, yai, chai. Omena wa kukaangwa na maharagwe yangoje jioni. Kati ya mbio na mbio apewe ndizi, mkate mkavu, na mchanganyiko ule. Akiwa anachoka isivyo kawaida wiki hata wiki, na hasa kama hedhi yake ni nzito, apimwe damu. Upungufu wa chuma ni wa kawaida kwa wasichana wanariadha, na hakuna kocha anayeweza kuuondoa kwa mazoezi.

Mgongo: mara nyingi ni uchovu wa kukaa umeinama muda mrefu, hasa kwa anayenyoosha mgongo na kuinua kichwa. Mgongo wa mwanaskeiti huviringika kidogo, kiuno kikiingizwa ndani, tumbo likikazwa. Kujiinua kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 40 mara 3, siku nne kwa wiki, husaidia. Lakini maumivu ya upande mmoja, yanayozidi akijikunja nyuma na yamepita wiki mbili, si uchovu tena. Kwa umri wake mfupa wa uti unaweza kupata ufa mdogo. Asimame mazoezi aonwe na daktari.

*Kwenye msururu tunagongana miguu, na kwenye mbio za kupokezana, ambazo kwetu hazina kijiti bali ni kusukumana, tunapoteza mita nyingi. Tuanzie wapi?*
Timu ya shule, Njoro

Anzieni kwenye mdundo. Msururu unagongana kwa sababu kila mtu anasukuma kwa wakati wake. Wa mbele asukume taratibu na kwa urefu uleule, wote wasukume kulia pamoja na kushoto pamoja. Nafasi kati ya mtu na mtu iwe nusu mita hadi mita moja, mikono mgongoni, na macho yawe juu ya bega la wa mbele badala ya kwenye visigino vyake. Ukimkaribia mno, kiganja chako kiguse kiuno chake kwa upole. Usivunje mwendo kwa kuburuta gurudumu, maana walio nyuma yako wote watakupanda. Wa mbele akichoka, baada ya mita 200 au 300, atoke pembeni akiwa bado na kasi, kisha ainuke ili upepo umpunguze mwendo, na arudi mkiani. Anayepunguza mwendo akiwa bado kwenye mstari ndiye huangusha timu.

Kusukumana: anayepokea aanze mapema afikie kama asilimia 80 ya kasi ya anayekuja, akae chini kabisa, magoti yamekunjwa, mgongo thabiti, asiangalie nyuma baada ya kuanza. Anayesukuma aweke viganja viwili pande zote za kiuno viwiko vikiwa vimekunjwa, halafu anyooshe mikono kwa mkupuo mmoja mrefu. Kofi la ghafla halisukumi mtu. Kosa kubwa ni mpokeaji kuinuka anapoguswa. Nguvu yote inamwinua juu badala ya kumpeleka mbele. Jaribuni mara 10 kwa mwendo wa polepole, mara 6 kwa kasi ya wastani, mara 3 kwa kasi ya mbio. Mkishachoka acheni. Kusukumana kwa uchovu ndiko huvunja viganja.

*Malengelenge kwenye kifundo.*
Msomaji, Kericho

Soksi moja nyembamba isiyo na mshono, plasta ya kitambaa juu ya ngozi kavu kabla ya kuvaa, na kaza zaidi kamba za katikati kuliko za juu. Na viatu vipya visivaliwe ndani ya wiki tatu za mwisho, hata kama mfadhili amevileta jana.

*Mbio za mtoano zinanishinda. Nina pumzi kuliko wanaobaki, lakini natolewa mapema kila mara. Nifanyeje?*
Mwanaskeiti, Section 58, Nakuru

Unatolewa kwa sababu unakaa mahali pabaya. Mtoano unamwondoa wa mwisho kuvuka mstari, na mwamuzi huangalia gurudumu la mwisho la skeiti ya mwisho. Kichwa chako kikiwa mbele ya mwenzako haikusaidii kama mguu wako wa nyuma umeachwa.

Kundi likiwa la watu 20, kaa kati ya nafasi ya tatu na ya nane, upande wa nje kidogo. Ukiwa wa tatu unakingwa na upepo na unaona kila anayechomoka. Ukiwa wa kumi na tano unalipa kila mzunguko: wa mbele wakiongeza kasi kidogo, mkia unavutika kama mpira na wewe ndiye unayekimbia kuufunga. Ndiyo maana pumzi yako nyingi inaisha bila kukufikisha popote. Na ndani kabisa, karibu na koni, usikae. Utafungiwa mlango kwenye kona ya mwisho na huna pa kutokea.

Usisogee mbele mstarini. Sogea upande wa pili wa uwanja, kwenye mnyoofu wa nyuma, kabla ya kila mzunguko wa kutoa, wakati wengine wanavuta pumzi. Mita tatu ulizozipata hapo ni rahisi kuliko nusu mita ya kwenye kona ya mwisho. Ukikaribia mstari sukuma mguu mmoja mbele, gurudumu likiwa bado chini, na uvute wa nyuma upesi uvuke nao. Zoezi lake: wenzako sita, mizunguko ya mita 200, atolewe mmoja kila baada ya mizunguko miwili, na kila mara mwanzo wewe uanze wa mwisho kwenye mstari. Mkimaliza badilisheni, yule aliyeshinda ndiye aanze nyuma.